Kwa Mama Kulwa, Uliyekataa Kuusifu Mfumo Wetu

Mpendwa Mama Kulwa,

Shikamoo. Najua umeshaitikia marahaba, na sasa unajiuliza kwa nini karani wako anakuandikia hadharani wakati simu zipo. Nitakueleza, ila si sasa hivi. Wewe mwenyewe hukuwahi kumruhusu mtu aseme shida yake kabla hajamaliza kikombe cha chai.

Nakumbuka siku niliyokufuata mwaloni, kule wanakooshea mawe ya dhahabu. Ulikuwa unawachomea chapati vijana waliotoka duarani, kwenye shimo la dhahabu, na Kulwa na Doto wamelala chini ya turubai. Nikakwambia zahanati imepata wageni wawili, vijana wanaotengeneza programu za kompyuta. Wameleta mfumo wa kuandikisha watoto wa kliniki, uchukue nafasi ya daftari letu kubwa lililochanika mgongo. Mama atajiandikisha mwenyewe dirishani wakati sisi tunapima watoto. Haujakamilika, nikasema, ni mfano tu ulio kwenye kishikwambi. Wanataka akina mama waujaribu leo, kisha waukamilishe.

"Na nikikosea?" uliuliza.

"Hutakosea, mama. Nitakufundisha."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio kazini, msichana wa Shinyanga mjini mwenye cheti kizuri na uoga mwingi. Niliona wageni wakiaibika, nitaaibika mimi. Kwa hiyo nikakukaririsha kama mtu anayejiandaa na mtihani: bonyeza kijani, tena kijani, kwenye kijiji andika chochote, kijani. Wenzako watano nilikuwa nimeshawakaririsha vilevile.

Walipita mmoja mmoja. Kila aliyemaliza aliulizwa ameuonaje, na kila mmoja alijibu, "Mzuri sana, Mungu awabariki." Wangesema nini? Huku kwetu mtu akitoka mbali na kitu chake mkononi, huwezi kumwambia ni kibaya. Vijana wakaandika: ameridhika, ameridhika, ameridhika. Mimi nilikuwa nimemwona wa tatu akibonyeza huku anatazama dirishani. Nikamwita wa nne.

Ukaja wewe, na kitenge chako cha Jumapili. Kijani. Kijani. Kisha kidole kikasimama hewani.

"Hapa penye kijiji ninachoishi niandike nini?"

"Andika unapoishi, mama," alisema yule kaka mrefu.

"Leo au mwezi ujao?"

Ukaweka mkono kiunoni.

"Mwanangu, mimi naishi duara linapotema. Dhahabu ikionekana Rwamgasa, niko Rwamgasa. Wakisema Bugarama kumetema, nakunja turubai. Sasa hiki chako kinataka nikidanganye? Karani ameniambia niandike chochote. Lakini chanjo ya wanangu siyo chochote." Kisha ukakumbuka adabu. "Kwingine kote mzuri sana, Mungu awabariki."

Ningeweza kusema hukunielewa, na wangeniamini. Lakini nilijua jambo ambalo wageni hawakulijua: akina mama wa kliniki yetu karibu wote wanahama kama wewe. Mfumo ule ungemrudisha kila anayehama kwenye zahanati aliyoiacha, na mtoto angebaki bila chanjo yake inayofuata. Jioni wangeondoka nao, wakiwa na karatasi inayosema wote wameridhika.

"Ni mimi," nikasema. "Wote sita niliwafundisha pa kubonyeza. Hawajaridhika. Hata hawajauona."

Nilisubiri kufukuzwa. Yule kaka mrefu akachukua kalamu, akakata "ameridhika" zote, moja baada ya nyingine, akacheka mpaka akakaa chini. "Afadhali umesema leo, dada," akasema. "Leo bado tunaweza kufuta."

Unakumbuka alivyolichana boksi la biskuti? Alichora kila ukurasa wa mfumo kwenye kipande chake, akanikabidhi rundo zima. Mama akigusa, nimbadilishie kipande, nisifungue mdomo. "Wewe ndiye mashine," akaniambia.

Mama Kulwa, ulinitesa! Uligusa "Endelea," mimi nikahangaika kutafuta kipande, ukageukia benchi: "Jamani, mashine imelala!" Mwingine akajibu, "Mpeni chai, chaji imeisha." Nikatoa kipande cha mwisho badala ya cha pili. "Loo! Sijataja hata jina, tayari nimeruhusiwa kwenda nyumbani." Nilitaka kucheka, lakini mashine haicheki, basi machozi yakanitoka.

Wale watano waliokwisha kusema mzuri sana wakasogea. Mmoja akasema maandishi ni madogo. Mwingine akauliza kwa nini jina la baba linatangulia wakati aliyebeba mtoto ni yeye. Wewe ukamtazama yule kaka kwa huruma: "Na mapacha? Niwazae pamoja, niwaandikishe kwa foleni mbili?" Kila lililosemwa lilichorwa upya palepale, na cha zamani kikatupwa. Kishikwambi kilikuwa kimetutisha wote. Boksi la biskuti hakuna aliyeliogopa.

Swali la kijiji likafutwa. Badala yake yakaja mawili: "Kwa sasa uko wapi?" na "Ukihama, nani atajua ulipo?" Hilo la pili ni lako, neno kwa neno.

Mfumo wenyewe ulipokuja na kuunganisha zahanati zote za ukanda huu, nilikuwa Shinyanga kwenye mafunzo yake. Nilirudi nimekununulia kanga, nikakuta mafiga matatu meusi na turubai halipo. Jirani yako akaniambia umeacha ujumbe: "Mwambieni mashine nimeondoka."

Miezi ikapita. Kila wiki nilifungua ukurasa wa watoto wako, niliouhamisha kutoka daftarini, na kukuta kisanduku cha chanjo ya mwisho kitupu. Unanijua. Kisanduku kitupu kwangu si kisanduku tu; nilishawaza homa, nilishawaza ajali, nilishawaza mambo nisiyoweza kuyaandika.

Jumanne iliyopita nikafungua tena. Kulwa: amechanjwa. Doto: amechanjwa. Wamepimwa zahanati nyingine, ambayo siitaji, maana siri ya mgonjwa ni siri hata kwa furaha. Na akina Mama Kulwa ukanda huu ni wengi mno. Anayesoma hapa hatajua ni yupi, isipokuwa wewe.

Nikashuka chini kwenye swali lako. Ukihama, nani atajua ulipo? Karani wa huko alikuwa ameandika ulivyomtamkia: "Karani muoga wa zahanati yetu ya kwanza. Huyo atajua."

Mama Kulwa, nilikuwa sijui! Miezi yote hiyo sikujua. Lakini nilipomaliza kusoma, nikawa najua. Nilicheka peke yangu mpaka muuguzi akaja kuona kuna nini.

Namba yako ya simu iko hapo chini ya jibu. Ni ya mambo ya kliniki. Karani haruhusiwi kuitumia kwa salamu zake. Ndiyo sababu nakuandikia hadharani. Uoga haujaniisha, kama unavyoona.

Wale vijana wanarudi mwezi ujao na mfano mwingine, wa kliniki ya wajawazito. Wameniomba niwaandae akina mama. Nimewajibu kwamba nitawaita, nitawakaribisha chai, na sitawafundisha kitu. Boksi la biskuti ninalo tayari chini ya meza.

Wabeja, mayu; asante sana, mama. Nibusie Kulwa, kisha Doto, asije akalalamika. Kanga yako ipo kabatini. Ukipita upande huu, gonga dirisha. Mashine haijalala.

Karani wako