Ile +V niliyoifundisha vibaya

Nshambya, Ijumaa, baada ya chakula

Na bado siamini kwamba nilisimama mwenyewe, bila mwalimu kuniita.

Wiki nzima kosa langu lilinikera. Ijumaa iliyopita niliwaambia wenzangu wa klabu ya sayansi kwamba skrini ya GPS ya ndege ikiandika LPV au LNAV+V, aina mbili za kushuka kwenda kutua, ni mamoja, rubani afuate tu mstari wa kushukia. Wakanakili. Jumapili nikausoma tena mwongozo wa marubani kwenye simu ya kaka, nikaona nimewapotosha. Kwenye LPV rubani anaufuata mstari hadi kimo cha kuamua kutua au kupaa tena. Kwenye LNAV+V mstari ni msaada tu. Ramani ndiyo inayosema usishuke chini ya kimo gani kabla hujauona uwanja; ukiufuata mstari tu unaweza kugonga kilima.

Niliogopa hawataniamini tena. Leo nimeyasema yote huku nikitazama ubao.

Kisha Koku, anayekaa nyuma na asiyeandika kitu, akapaza sauti: "Kumbe tangu wiki iliyopita sisi ni marehemu!"

Darasa likaangua kicheko. Nikajisikia nikijibu, "Mpumzike kwa amani." Mimi!

"Basi hiyo +V ni kama shangazi yangu," akasema Koku. "Anashauri sana, ila nyumba si yake."

Ndiyo hivyo hasa. Natamani ningelifikiria mimi.

Halafu akaazima kalamu ya jirani yake, akafungua daftari. "Dada rubani, rudia polepole. Nisishuke chini ya wapi?"