Isale kwa Shemeji Fabian

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Makala imetoka! Ukurasa mzima. Mhariri kakata aya mbili, zile kali, kama kawaida yake ya uoga. Lakini hoja imebaki: taifa linaloyaita makabila madogo siku za ngoma tu, kisha linayasahau siku za kugawa ardhi, ni taifa la wanafiki. Waje wanijibu.

Shemeji Fabian kapiga simu toka Machame. Keshasoma. "Shemeji, umetuandika Wasandawe bila kutushikisha upinde. Asante." Nimecheka mpaka machozi. Akauliza kama Jumapili nitakuja kwenye kikao cha ukoo.

Nitakosaje? Anaomba jambo moja tu: siku yake ikifika alazwe kihambani, shamba la migomba la ukoo, pembeni ya mkewe, marehemu dada yangu Magreth. Moyo wake ni mgonjwa na daktari hamfichi. Kaka Eliufoo hataki. Eti kihamba cha ukoo hakilazi mtu wa nje. Wa nje! Baba mwenyewe ndiye aliyemkatia Magreth kile kipande, akapanda masale ya mpaka, na jembe alikuwa kalishika Fabian.

Nimemwambia: niachie mimi.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya watu wa asili duniani. Ukumbi mjini ulijaa kunisikiliza. Mama mmoja wa Kipare akasimama: "Na nyinyi Wachaga je? Sisi wengine si mnatuita kyasaka?" Watu wakaguna. Nikajibu bila kupepesa — neno hilo lilikuwa la wazee, mtu wa porini, asiye wa mlimani, na wazee wamelala nalo. Makofi!

Yule mama hakupiga makofi.

Jumapili, 10 Agosti

Nimelisema mimi. Mimi!

Jumatatu, 11 Agosti

Niandike yote, nisijipendelee.

Nilifika baada ya ibada. Baridi, ukungu mpaka kwenye migomba. Nikapita njia ya mfereji na hapo, kwenye kipande cha Magreth, nikaona: kahawa ya Baba imeng'olewa. Yote. Mashina yamelala mizizi juu, na kwenye mashimo kuna miche ya parachichi. Fabian hakuwa ameniambia. Nikaingia kikaoni damu inachemka.

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka. Eliufoo akaanza na mimi. "Profesa wa gazeti amefika. Leo tusome ukurasa wa ngapi?" Wakacheka. Fabian kakaa karibu na mlango, kofia mapajani, kavaa koti la harusi. Akaomba alichoomba, kwa Kimachame safi kuliko changu. Ikawa zamu yangu. Hata Eliufoo alikuwa anasubiri nimchape.

Badala yake nikageuka kwa Fabian nikamuuliza habari ya kahawa. Akajibu kwa upole: miti imezeeka, hailipi, yeye na Magreth walishakubaliana. Jina la Magreth ndilo lililonimaliza. Nikapaza sauti, kwa Kimachame: kyasaka ni kyasaka tu, hata umpe kihamba!

Eliufoo akapiga meza. "Umesikia? Hata Eunike!" Wakacheka wote, wengine wakinigonga bega. Hawakujadili tena. Ombi limekataliwa, nami ndiye niliyetia muhuri.

Fabian akavaa kofia yake. Akasema, "Haya, asanteni," akatoka.

Na hili nalo: Eliufoo aling'oa kahawa yake mwaka juzi. Akapanda parachichi hizohizo. Nilikwenda, nikamsifu!

Jumatano, 13 Agosti

Fabian hapokei simu. Wasomaji hawaachi kuandika: mama wa ujasiri, sauti ya wasio na sauti. Nimeacha kuwasoma.

Nimejaribu kujitetea humu. Hasira. Uchungu wa Baba. Upuuzi! Neno halikutoka kwenye hasira, hasira ilifungua mlango tu. Lilikuwa ndani, limelishwa, limenenepa, huku mimi nikizunguka nchi nzima kuwanyooshea wengine kidole.

Eliufoo katuma ujumbe: "Karibu nyumbani, dada yetu halisi." Miaka yote hajawahi kuniita hivyo.

Nimempigia Shangazi Elisifa. Hakunibembeleza. Kasema nikate jani la isale, nilifunge fundo, nimpelekee kwa mikono miwili. Akiletewa isale, Mchaga hawezi kukataa kusamehe.

Jumamosi, 16 Agosti

Naandika ndani ya gari, nje ya geti la Eliufoo.

Asubuhi nilikata jani palepale kwenye mpaka aliopanda Baba. Fabian alikuwa anamkatia ng'ombe majani. Nikapiga magoti. Nikaomba radhi kwa lile neno. Akaweka panga chini, akaniinua.

"Shemeji, jani nimelielewa. Nimekaa hapa vya kutosha. Lakini isale linambana Mchaga, na nyinyi mmeshaamua kwamba mimi siye. Kwa hiyo mimi halinibani."

Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Nikauliza: basi nifanye nini?

"Eliufoo ni Mchaga?"

Ndiyo.

"Na wale wote waliocheka?"

Ndiyo.

"Basi mpelekee yeye. Wakiwepo walewale. Mwombe kaburi langu."

Akanirudishia jani, akaokota panga lake.

Leo ndugu wako hapa kwa Eliufoo, wanakunywa. Nasikia vicheko vyao. Nikiingia na isale mbele yao, Eliufoo amebanwa: atoe kaburi, au akatae mila anayoilinda kwa kelele zote. Na mimi? Nitabaki si dada wa mtu. Naona aibu kuandika kwamba hili nalo nalifikiria, kwamba siku hizi chache za kuitwa halisi zilikuwa tamu.

Na niseme kwa lugha gani? Tusi lilitoka kwa Kimachame. Basi na ombi litoke kwa Kimachame.

Geti linafunguliwa. Eliufoo, kata ya mbege mkononi, anacheka. "Profesa! Unaandika nini humo garini? Shuka, dada yetu!"

Anakuja. Ameinama dirishani.

Ameliona jani juu ya dashibodi. Kaacha kucheka.