Ukishusha Kiatu, Upau Unapanda

Mwera, 3 Juni 2024

Baba mpenzi,

Shikamoo. Habari za Nguvumali, na masikio yanasemaje? Dada Ruthi ameniambia daktari ameyasafisha, lakini naona bado. Juzi kwenye simu nilikuuliza habari za trekta ukanijibu, "Asante, nimeshakula." Ndiyo maana nashika kalamu. Sisi hatujambo. Mkamwana wako Loveness anakusalimu, na yule mbuzi wako mkorofi amezaa mapacha, wote wakorofi.

Sasa nije kwenye shida yangu. Bwana Saud alikuja kutoka Chumbageni kuangalia bonde lake la majani. Unakumbuka mwaka jana tulikata chini mno ili marobota yawe mengi. Majani yamekufa vipande vipande na magugu yameingia, na visu tulivivunja kwenye mawe. Sasa anataka tukate juu. Mimi tangu nirithi kiti chako sijawahi kubadilisha kimo cha ile mashine, nimeikuta hivyo na nimeiacha hivyo. Nimejaribu kuinua kwa haidroliki nikiwa nimekaa, lakini upau wa visu unayumba, unakata hapa juu, pale chini, bonde linaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

Betri bado imekufa. Asubuhi mimi na Rama, yule wa marobota, tunaisukuma trekta kutoka kule kilimani inawaka, halafu haizimwi mpaka jioni. Ikizimika bondeni inalala hukohuko.

Nielekeze, baba.

Ni mimi mwanao,
Anold


Nguvumali, 8 Juni 2024

Mwanangu Anold,

Marahaba. Sisi wazima, ila dada yako ananilisha mchicha kama sungura. Masikio ni yaleyale, miaka yote ya trekta imo humo inanguruma.

Sikiliza vizuri. Kimo hakiwekwi kwa haidroliki, kinawekwa kwa viatu. Chini ya upau kuna viatu viwili vya chuma vinavyoteleza ardhini, kimoja karibu na trekta, kingine kule kwenye ncha. Ukishusha kiatu, upau unapanda. Vijana wengi hufanya kinyume kisha wanashangaa. Legeza bolti, shusha kiatu tundu moja, kaza. Vyote viwili viwe sawa, la sivyo utanyoa upande. Kisha urefushe kidogo mkono wa juu unaoshika mashine na trekta, ili pua za upau zisichimbe. Pima kwa ngumi yako ukiwa umesimamisha dole gumba. Majani yabaki kimo hicho.

Lakini, Anold, bolti za viatu ziko chini. Lazima ulale na kuingiza mikono karibu na visu. Trekta izimwe. Si kupunguzwa mwendo, izimwe, na shafti inayopeleka nguvu kwenye visu uichomoe. Ule wenzo wa kuzungushia mashine meno yake yamelika tangu wakati wangu. Unauweka kwenye kusimama, trekta ikitikisika kidogo unaruka wenyewe na visu vinaanza kwenda. Mimi uliniruka mara mbili, Mungu akanihurumia kwa sababu nilikuwa nimekaa kitini.

Kama Saud hanunui betri, shuka kwenye kiti. Nakwambia mimi baba yako. Kazi utapata nyingine, mikono hupati.

Baba yako,
Hosea


Mwera, 15 Juni 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na afya. Sisi wazima wa mwili tu.

Nilimwambia Bwana Saud kama ulivyosema. Akasema betri itanunuliwa marobota ya kwanza yakishauzwa. Nikamwambia basi viatu vitashushwa betri ikishakuja. Akacheka mbele ya watu, akasema, "Anold, mtaka cha mvunguni sharti ainame." Nikamjibu mvungu huu una meno. Hakupenda. Nikashuka kitini.

Kesho yake alimpa Rama kiti. Rama ambaye kazi yake ilikuwa kupanga marobota kwenye tela! Nyumba ya kambi ni ya dereva, kwa hiyo tumeambiwa tuiachie mwisho wa mwezi. Loveness hanisemeshi, anasemesha sufuria.

Jana jioni Rama alikuja mlangoni. Akasimama nje, hakukaa. Akasema, "Kaka, mi kiti sikukitaka, nimepewa. Nina watoto. Hebu nionyeshe vile viatu vinashushwaje, maana bwana anataka akija Jumamosi ijayo akute bonde limekatwa juu." Nikamwambia arudi keshokutwa. Baba, nilitaka kumpiga na nilitaka kumkaribisha chai, vyote kwa pamoja. Wewe unamjua, ndiye aliyekuwa akituchotea maji mama alipougua. Lakini nyumba yangu ndiyo anayohamia. Nimjibu nini?

Mwanao,
Anold


Nguvumali, 16 Juni 2024

Mwanangu,

Marahaba. Kondakta wa basi ameniletea barua yako asubuhi hii na nimemwambia asubiri, aondoke na majibu.

Umefanya kiume. Nimetembea hapa uani nikiwa na furaha na hasira, mpaka Ruthi akadhani nimepandwa na homa. Kile kiti nilikikalia mimi kabla Saud hajaota ndevu, nikakukalisha wewe. Leo anakipa mpanga marobota.

Kwa Rama jibu langu ni fupi. Usimfundishe. Sisi madereva wa mashambani tuna desturi yetu, nami niliikuta: aliyekuondoa kitini humwonyeshi hata tundu la kutilia mafuta. Ufundi ndio shamba letu, hatuna jingine. Ukimpa, Saud hatakuhitaji tena. Usipompa, ataharibu visu, Saud atapanda mwenyewe gari kuja kukubembeleza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwache ulimwengu umfunze.

Vumilieni. Mwambie Loveness mzigo wenu uje hapa, nafasi ipo.

Baba yako,
Hosea


Nguvumali, 10 Julai 2024

Anold mwanangu,

Hamjambo huko? Sisi tuna afya. Nimekuandikia barua mbili na hujajibu. Mwisho wa mwezi umepita na mzigo wenu haujafika. Ruthi akikupigia unasema mko salama, kisha unakata. Kuna mwanamke sokoni amemwambia habari za mtu wa Mwera kuumizwa na mashine, jina hakulijua.

Andika hata mstari mmoja. Niambie si wewe.

Baba yako


Mwera, 14 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Si mimi. Mimi mzima.

Ni Rama. Barua yako ilifika siku ileile aliyorudi kuniuliza. Nilikuwa nimeikunja mfukoni. Nilimwambia, "Kamuulize bwana wako aliyekupa kiti." Akasema haya, akaenda. Sikumwambia habari ya viatu, na sikumwambia habari ya wenzo. Hilo la wenzo ndilo linaloniuma, baba. Bolti unaweza kuziita ufundi. Wenzo haukuwa ufundi.

Ijumaa ile nilikuwa nang'oa mihogo nyuma ya kambi. Trekta ilikuwa inanguruma imesimama bondeni. Nikajua kabisa kwamba yuko chini anahangaika na viatu. Nilijua, na niling'oa shina jingine. Kumbe bolti ya kiatu cha nje ilikuwa na kutu, akaigonga kwa nyundo. Trekta ikatikisika na wenzo ukaruka. Nilisikia visu kabla ya kumsikia yeye.

Nilimfunga kwa kanga za Mboni, mkewe, tukampakia pikipiki mpaka hospitali ya Pangani. Mkono wa kulia wameuondoa chini ya kiwiko. Wa kushoto umebaki na vidole viwili.

Bwana Saud alikuja siku hiyohiyo. Gharama zote kazibeba, na machozi yalimtoka mbele yetu. Betri mpya imefungwa, wenzo umebadilishwa. Vimekuja vyote ndani ya wiki moja. Sasa ananiita nirudi kitini, nyumba nibaki nayo. Loveness amefurahi kisha akaona aibu ya kufurahi.

Mboni aliniuliza hospitalini, "Shemeji, wewe ulikuwa unajua ile mashine ni mbovu?" Nikasema nilijua.

Nirudi kitini?

Anold


Nguvumali, 17 Julai 2024

Mwanangu,

Marahaba. Nimesoma, nimelia, nimesoma tena.

Yale maneno ya kwamba usimfundishe ni yangu. Nilipokuwa nayaandika Ruthi alisimama nyuma yangu akasema, "Baba, hilo usiliandike." Nikamwambia anyamaze. Niliogopa mikono yako peke yake. Nilisahau kwamba Rama naye anayo. Na habari ya wenzo nilikuwa nayo miaka mingi, ningeweza kuiweka katika mstari mmoja: mwambie achomoe shafti. Karatasi ilikuwa na nafasi.

Habari ya kiti sina mdomo wa kukujibu. Rama akirudi nyumbani, nenda. Ukae naye kwanza. Mwambie yote, na maneno yangu usiyapunguze ukali. Asije akadhani ni wewe peke yako.

Baba yako


Mwera, 28 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Moyo wako umepoa? Ruthi anasema umekataa kula.

Rama aliruhusiwa juzi kutoka hospitali. Nimekwenda leo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, Mboni anamlisha uji. Nilimwambia yote tangu mwanzo, na ile barua yako ya Juni nikamsomea ilivyo, maana hawezi kuishika. Mboni alitoka nje katikati. Rama alisikiliza mpaka mwisho. Nilingoja anifukuze, nilikuwa nataka anifukuze.

Habari ya kiti alisema nirudi, maana yeye hawezi, na majani hayangoji. Alisema hivyo bila ubaya wowote. Nitaanza Jumatatu ijayo.

Nilipotaka kuinuka akaniambia, "Kaa. Nionyeshe sasa."

Nikamuuliza nini.

"Viatu. Vinashushwaje?"

Basi nikamwonyesha pale kwenye mkeka, kwa kijiko na bakuli la uji. Kwanza unazima. Unachomoa shafti. Unalegeza bolti, unashusha kiatu tundu moja, unakaza, unakwenda upande wa pili. Unapima kwa ngumi na dole gumba. Aliniuliza kama ni lazima matundu yawe sawa pande zote, nikasema ndiyo.

Kisha akasema, "Kumbe ni hivyo tu."

Mwanao,
Anold