Mlango wa Sufuria

Mama,

Mlango umekuja! Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeiweka juu ya friji, maana kila nikikaa nainuka tena kwenda kuuangalia. Umepachikwa juzi, jana tumefungua, na mimi Atupele wako sijatulia tangu hapo. Kama kungekuwa na namna ya kukupigia simu huko uliko, ningeshakupigia mara ishirini.

Ndiyo, ni ile ile uliyokuwa ukiiita milango ya sufuria. Unakumbuka siku ile Vwawa, tulipopita kwenye ofisi moja mpya nikakuonyesha milango ya alumini inavyong'aa? Ukasema kwa sauti mpaka mlinzi akageuka: "Atu, mtu mzima na akili zake anajifungia ndani ya sufuria?" Nilicheka hadi nikaketi kwenye ngazi za watu. Basi sufuria hiyo sasa iko kwenye mgahawa wako hapa Mpemba. Nisamehe, Mama. Ila sijutii.

Ule wa mbao ulikuwa umechoka. Wewe ulijua pa kuupiga nyonga ukafunguka, mimi nyonga zako sikuzirithi. Mvua zilipoanza ulivimba, wateja wakawa wanausukuma mara moja, wanadhani tumefunga, wanaenda zao. Vumbi la malori nalo lilipita kwenye nyufa hadi kwenye bakuli la kachumbari. Kuna siku nilipika maharage sufuria nzima nikaishia kuwagawia majirani. Haya sikukuambia nilipokuja kaburini. Pale nilikuletea habari nzuri tu, na kumbe mgahawa wako ulikuwa unanifia mikononi.

Kilichonizuia muda wote huo ni Mama Mdogo. Nilipompigia kumweleza kwamba nataka kubadilisha mlango, alisema, "Ukiung'oa ule, umemtoa dada yangu nje." Akakata. Miezi miwili hakupokea simu yangu. Kwenu amebaki yeye peke yake, Mama. Nikimkosa na yeye, nani atanisimulia ulivyokuwa msichana kule Ileje? Nikajiapiza kwamba mlango nitaweka, lakini hapafunguliwi hata kwa kikombe kimoja cha chai mpaka aje apite yeye kwanza.

Sasa ngoja nikupe raha ya kuchagua!

Nilienda karakana kwa Fundi Siame na vipimo vyangu nimeviandika kiganjani. Nilikuwa nimepima mwenyewe kwa ule utepe wako wa kushonea, naona nimeshakuwa injinia. Akaniuliza kitu kimoja tu: "Marumaru umeshaweka?" Nilikuwa bado! Nilipanga kuziweka baada ya mlango. Akanitazama kwa huruma, akaniambia sakafu ikipanda mlango wangu utaanza kulamba marumaru, nianze na sakafu kisha yeye aje apime kwa mkono wake. Nikajifutia kiganja kwenye kitenge. Najua ungenicheka wiki nzima.

Akaniuliza nataka wa kuteleza pembeni au wa bawaba. Mimi roho yote ilikuwa kwenye wa kuteleza, kwa sababu nimeuona kwenye simu. Akaniambia kwa vumbi letu hili, reli itajaa mchanga na kila asubuhi nitakuwa nauchokoa kwa kijiti. Basi wa bawaba. Halafu akanipangia vipande vya fremu mezani, vyote vyeupe, vyote vizuri, na vyote anasema ni imara. Nikababaika kwa muda. Ndipo nikakukumbuka sokoni ukinunua sufuria. Nikashika ukingo wa kile cha kwanza kwa dole gumba, nikabonyeza, kikabonyea. Nikakipiga kwa ukucha, nikainamisha sikio kama wewe. Kililia bati. Nikaenda cha pili, cha tatu. Cha nne kiligoma kubonyea, na sauti yake ilikuwa nzito, imejaa, sauti ya ile sufuria yako kubwa ya pilau ya harusi. Nikasema hiki. Fundi alikuwa akinicheka tangu mwanzo, lakini hapo aliacha. Akaniambia wengi wanaofika pale huchagua kwa rangi.

Umeona? Ulinifundisha kuchagua mlango na hukujua.

Vioo ndivyo vilivyonipa kazi. Nilitaka vyeupe kabisa ili mpita njia aone chakula. Usiku huo huo nikajibishana na wewe kitandani. Nilikumbuka lile pazia lako la maua, ulivyolitundika ili madereva wale bila watu wa barabarani kuwahesabia matonge. Ulisema mtu katoka safari ya siku nne, mwacheni amege kwa amani. Kesho yake nikarudi nikachukua vioo vya kujiona. Mchana aliye nje anajiona mwenyewe, aliye ndani anamwona yeye. Ni pazia lako lile lile, Mama, ila halifuliwi.

Na juu kuna kifaa kinachouvuta mlango ujifunge wenyewe, polepole, bila kishindo. Siku ya kuupachika nimeufungua na kuuachia labda mara thelathini. Fundi aliniomba nimwachie amalize kazi. Mara ya mwisho nilipouachia nikajikuta nimesema kwa nguvu, "Mlango huo!" Hakuna aliyekuwa amepita. Ni kelele yako tu, ile uliyowapigia wote, mdogo kwa mkubwa, hata mchungaji siku alipoacha wazi nzi wakaingia. Mlango ukajifunga wenyewe. Nikalia pale pale, Mama, na bisibisi ya fundi nimeishika mkononi.

Jana Mama Mdogo akaja. Nilimtumia ujumbe kwamba chai imetengwa na hainywewi mpaka afike. Sikutegemea. Nilikuwa ndani nakata mchicha, nikainua macho, nikakuona wewe unashuka kwenye bajaji.

Wewe, Mama. Kitenge cha kijani, ule mwendo wa kuvuta bega moja. Kisu kilinidondoka. Ilinichukua muda kujua ni yeye. Amekonda, mashavu yameshuka, na sijui lini amefanana na wewe hivyo. Alikuja amevimba kwa hasira, maneno yote ameyapanga tangu Ileje, sura ile naijua. Akafika mlangoni akasimama, hajui kwamba namwona. Akakitazama kioo. Mkono ukapanda kichwani, akachomeka kitambaa nyuma ya sikio kama ulivyokuwa ukifanya kila kabla ya kuhudumia mteja. Mkono ukabaki hapo hapo juu. Akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akaufuta kwa kiganja, taratibu, kama anayemfuta mtu uso.

"Dada," akasema. "Kumbe uko mlangoni."

Sikutoka. Nilimwacha akae na wewe. Alipomaliza alipenga kamasi, akauvuta mlango wa kusukuma, akauvuta tena, nikamfungulia. Hatukukumbatiana, unamjua alivyo. Akabonyeza fremu kwa dole gumba, akaipiga kwa ukucha, akasikiliza. "Hii nzito," akasema. Akaingia.

Ule wa mbao sijautupa. Nimeutengeneza meza ndefu ya ukutani, tundu la kitasa nimeliacha na ndani yake nimesimamisha vijiti vya meno. Mama Mdogo alikaa hapo hapo, kwenye kiti chako cha siku zote, akanywa vikombe vitatu. Dereva wa Kizambia, yule uliyekuwa unamwongezea mchuzi, aliingia wa pili, akageuka geuka, akaniita mama kwa Kibemba chake: "Awe, bamayo, hii ni benki sasa!" Na kabla sijamjibu, kutoka kwenye kiti chako, kwa sauti yako hasa, Mama Mdogo akamfokea: "Mlango huo!" Wote tukageuka. Mlango ulikuwa ukijifunga wenyewe, taratibu. Tulicheka, Mama, tulicheka na machozi juu, hata dereva asiyejua kisa.

Maharage yaliisha kabla ya saa nane.

Sasa nakuacha, nasikia mtu anauvuta badala ya kuusukuma. Nakuahidi hili: kioo hicho hatakifuta mwingine. Kila asubuhi, kabla sijawasha jiko, nitatoka nje na kitambaa nikifute mwenyewe, upande wa nje kwanza. Leo nimefuta, na kwenye macho nimeanza kukuona hata usoni kwangu.

Kwaheri, Mama yangu. Usihangaike tena na mlango. Unajifunga wenyewe.

Mwanao,
Atu