Upanga wa Mkono Juu Haukukabidhiwa

Siku ulipotimia mwaka tangu ututoke, ndugu yetu, ilitukuta ndani ya gari, tunaondoka. Mkeo alikuwa kwenye usukani, binti yako pembeni yake. Nyuma alikaa kaka yako mkubwa, yule mzururaji, na upanga wako umelala mapajani mwake, umeviringishwa kwenye shuka. Mlangoni pa ukumbi wa mazoezi watu wa klabu yako walisimama na glasi za soda mikononi, wanatutazama kama abiria walioachwa na basi. Hakuna aliyepunga mkono.

"Shemeji, fungua dirisha," mkeo alisema. "Nataka hewa."

Kaka yako akafungua.

Tulikuwa tumekusudia kukuandikia mambo mazuri tu, kama wanavyofanya wengine. Mazuri yako hayapungui. Ulikuwa fundi wa mashine za kufulia, na nusu ya mtaa huu ilivaa nguo safi kwa mikono yako. Ulikuwa unapiga magoti mbele ya mashine na kuitegea sikio kama daktari, na mwenye nyumba akianza kueleza ulimnyamazisha kwa kidole. Ulivyovikuta kwenye pampu, vifungo, pini, hereni, uliviosha na kuvipanga juu ya kisosi.

Siku moja ulikuta humo pete ya mama mmoja, aliyokuwa amemfukuzia msichana wake wa kazi kwamba ameiiba. Hukuitoa kiganjani mpaka alipompigia simu yule msichana na kumwomba radhi, na wewe umesimama palepale unasikiliza. Ukakunja vifaa vyako ukaenda zako. Yule mama hakukuita tena kwa kazi. Ulisema afadhali, mashine yake yenyewe ilikuwa kimeo.

Halafu, umeshapita miaka arobaini, ukaingiwa na wazimu wa panga. Kaka yako alirudi kutoka kwenye mizunguko yake akakuta koti limetundikwa kwenye korido, koti nene lililoshonwa kwa pamba tabaka juu ya tabaka, na linanuka. Kaka yako amelala kwenye maghala ya ngozi mbichi. Amepanga chumba kimoja na mtu aliyefuga beberu. Koti lile lilimshinda. Fundi wa kufulia, na koti lake halijui sabuni! Kinyozi hajinyoi, lakini angalau huoga.

Akakuuliza, mtu mzima na familia yako, unapigana na nani?

"Na rafiki zangu," ukamjibu. "Maadui sina muda nao."

Ukamweleza kwamba hizo ni panga za Ulaya ya kale, za kushikwa kwa mikono miwili, na kwamba mnajifunza kwa vitabu walivyovichora mabwana waliokufa zamani: namna ya kusimama, ya kuvuta mguu, ya kukinga na kupiga kwa mwendo mmoja. Kaka yako akasema waliochora wenyewe huenda walikufa kwa panga hizohizo. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukamvuta aje aone.

Alikuja akiwa ameziba pua. Ukumbi unanuka miguu, watu wamevaa kofia za waya kama warina asali. Ukapigana na mwenzako, waamuzi wamesimama na vibendera vyao, na hakuna aliyeona kitu. Wewe ukarudi nyuma hatua moja, ukainua mkono juu. "Nimeguswa, begani." Ukashindwa pambano kwa kinywa chako mwenyewe. Njiani kaka yako akakuita mjinga. Nani alikutuma useme?

"Kwani hakunigusa?" ndivyo ulivyomjibu, ukaanza kuzungumzia chakula.

Baadaye alielewa. Chuma chenu ni butu, hakitoi damu. Kwa hiyo kwenye klabu yenu aliyepiga hadai, aliyepigwa ndiye husema. Bila hilo mchezo wote ni watu wazima wanaogongana vyuma. Wenzako walikubandika jina, Mkono Juu. Wengine walikuita kwa mapenzi na wengine kwa kejeli, na wewe uliwaitikia wote sawa.

Moyo wako ulisimama kwenye ngazi za mteja, begi la vifaa begani. Siku ya kukuzika Mwenyekiti wa klabu, yule wakala wa bima, alizungumza vizuri sana. Alisema mwaka ukitimia watashindana kwa heshima ya mtu mkweli kuliko wote aliowajua. Mkeo, machozi yanamtiririka, akasema mbele ya umati kwamba atakayeshinda siku hiyo ataondoka na upanga wako. Neno likatoka. Unamjua mkeo, hana ndimi mbili, na kitu kilichomsumbua mwaka mzima ni kulitimiza.

Basi tukaenda. Fainali ikawakutanisha Mwenyekiti na yule msichana wa kliniki ya meno, uliyemfundisha wewe mwenyewe kusimama. Akampiga Mwenyekiti utosini. Ililia kama mwiko juu ya kifuniko cha sufuria. Hata aliyekuwa akigawa soda aligeuka. Msichana akashusha upanga, akarudi nyuma, akasubiri kama ulivyomfundisha. Mwamuzi mmoja alikuwa amezibwa na mgongo, mwingine alijifanya hamnazo. Wakamwangalia Mwenyekiti. Ukumbi wote ukamwangalia.

Mwenyekiti akakaza mkanda wa glavu yake. "Tuendelee," akasema.

Wakaendelea. Baadaye akamgusa msichana kwenye kiwiko, pigo la kupangusa vumbi, na msichana akainua mkono kabla bendera hazijapanda. Pambano likaishia hapo. Makofi yalipigwa ya kulazimishwa.

Wakamwita mkeo mbele akabidhi. Mpiga picha tayari. Mwenyekiti amevua kofia, jasho linamchuruzika, anatabasamu. Kaka yako ameona wezi wengi kwenye kutembea kwake, lakini mwizi hukimbia. Huyu alisimama palepale, macho makavu, akajiweka sawa apigwe picha chini ya picha yako.

Mkeo akaushika upanga, hakumnyooshea Mwenyekiti. Akamuuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ulipigwa kichwani?"

"Mama, wenye kuamua ni waamuzi."

"Sikuwauliza waamuzi. Kichwa ni chako."

Mwenyekiti akatazama huku na huku, akacheka kidogo. "Labda kidogo," akasema.

"Basi na mimi niliahidi labda kidogo," mkeo akamwambia, akaanza kuuviringisha upanga kwenye shuka.

Lililotuudhi zaidi lilikuja baadaye, kwenye kijia cha kuelekea chooni. Wakatujia mmojammoja, wananong'ona. Mama, hata sisi tulisikia. Mama, umefanya vema. Mama, unamjua alivyo, ndiye analipia ukumbi. Hao ndio waliokula kwenye meza yako, waliotengenezewa mashine zao bure. Kaka yako akawauliza, "Masikio mlikuwa nayo ukumbini. Midomo mmeipatia chooni?" Alitema mate kwenye sakafu yao iliyopigwa dawa, na hajutii.

Tukavuka daraja. Kisha mkeo akasema, "Nimevunja neno langu mbele za watu."

Kaka yako alianza kumfariji, kwamba mwongo haahidiwi, kwamba ungekuwepo ungefurahi. Binti yako akamkatiza. "Anko, acha. Amelivunja kweli."

"Ndiyo," mkeo akasema. "Na muandike hivyo, kwenye hiyo kumbukumbu. Msinisafishe."

Kwa hiyo tunaandika, wasome wote waliokuwepo na wasiokuwepo: mkeo aliahidi mbele ya kaburi lako kwamba mshindi atachukua upanga, mshindi akatangazwa, na hakumpa. Kosa ni lake, kalisema mwenyewe, hakusubiri kuulizwa.

Mwenyekiti bado ni mwenyekiti. Kikombe anacho, na picha ameitundika, ile ya peke yake. Msichana wa kliniki amehama klabu. Mkeo alimpelekea upanga, akaukataa, akasema yeye alishindwa. Sasa anafanya mazoezi na wenzake wawili kwenye uwanja wa nyuma wa kliniki. Mwamuzi aliyejifanya hamnazo alimpigia mkeo simu, akaongea juu ya hali ya hewa, akakata. Upanga uko nyuma ya kabati la nguo. Binti yako amefaulu mitihani yake na amepata kazi kwenye stoo ya vipuri. Mkeo anaendelea vizuri, analala vibaya. Kaka yako amesafiri tena, hakusema wapi.

Wanaokukumbuka ni mkeo, binti yako, kaka yako mkubwa, dada zako wawili na waume zao, na mama mkwe wako, ambaye bado anaulizia lini utakuja kumwangalizia mashine.

Hatujakusahau, ndugu yetu, wala hatutarajii.