Tovuti ya Liliane mbele ya wakwe

Mama Naila, soma hii kabla wageni wako wa posa hawajafika Jumamosi!!

Leo watu wamekuja kwa Mukashema hapa Bugene kumposa Liliane. Mukashema, kwa kujivunia binti yake, akataka waone tovuti yake ya ushonaji. Akampa simu shangazi wa kijana, naye shangazi akabonyeza "Mawasiliano".

Zamani ukibonyeza hapo ukurasa uliruka moja kwa moja hadi kwenye namba. Kumbe fundi wa tovuti ameubadilisha, sasa unateleza wenyewe, unapita kila sehemu. Polepole mwenzangu, polepole!

Ukapita kwenye picha za mashela ya harusi. Liliane kavaa shela, kashikwa kiuno na mwanaume!!

Shangazi akauliza, "Huyu nani?"

Mukashema akawahi kujibu, "Picha ya tangazo tu, mama. Huyo mteja."

"Mteja anashika kiuno?"

Mukashema akabonyeza kurudi juu. Ukateleza tena, ukapita palepale. Kiuno kilekile, Mama Naila!

Kahawa ya kutafuna, ile ya kukaribishia wageni, haikuguswa hata punje. Wakaaga.

Mukashema akainuka awasindikize. Shangazi akamwambia, "Kaa tu, mama. Njia tunaijua."

Liliane yuko jikoni bado, anawapakulia ndizi.