Mama, Zamu ya Kitinda Mimba Wako Imefika

Leo mwaka mmoja unatimia, mama, tangu ututoke. Watu wanatuambia mwaka ni muda mrefu, maumivu yatakuwa yamepoa. Waseme tu. Sisi bado tunasikia ndala zako koridoni, na baba bado analala ukingoni mwa kitanda, upande wake uleule, utadhani upande wa pili una mwenyewe.

Tunaandika haya sisi wanao wawili wakubwa kwa niaba ya nyumba nzima. Ila habari tuliyokuja kukupa si yetu, ni ya kitinda mimba wako. Yeye mwenyewe alikataa kuandika. Alisema akishika kalamu atalia, na kulia amechoka.

Kwanza tukukumbuke kidogo, usituone tuna haraka.

Kazini ulikuwa mkuu wa utumishi, mtu wa kuajiri watu na kuwaachisha, na hakuna aliyewahi kukusikia ukipaza sauti. Kwenye ngazi ulikuwa unampisha mfagizi kwanza. Droo ya mezani kwako ilijaa peremende za wanaokuja kulia ofisini, na walikuja wengi, wengine tunaamini walifuata peremende. Nyumbani ulikuwa unaongea na masufuria. Mchuzi ulikuwa unauonja, unasema bado, unauonja tena, bado, halafu wakati wa kupakua unauliza kwa ukali nani kaupunguza.

Kilichokuwa kinakuumiza roho ni vijana wa chuo chako. Wewe ulikuwa unakaa kwenye meza ya usaili, unawaona wanaingia na vyeti vizuri kutoka chuo kilekile kilichokusomesha wewe, halafu wakiulizwa jina wanatazama zulia. Ulikuwa unarudi nyumbani umenuna. Baba akikuuliza kulikoni, unasema leo tena tumemwacha mtoto mwenye akili kwa sababu hakujua aweke wapi mikono yake.

Ndipo ukaenda kwenye mkutano wa chama cha wahitimu, ambao kabla ya hapo ulikuwa unauhudhuria kwa kujilazimisha. Siku hiyo mwenyekiti alikuwa na mpango wa kukizawadia chuo saa kubwa ya kuweka langoni, na chini yake majina ya wanachama. Ukanyoosha mkono. Ulitusimulia wewe mwenyewe ulivyowaambia:

"Saa wanayo kwenye simu zao. Wanachokosa ni mtu wa kuwaogopesha kwa upendo, kabla hawajaogopeshwa na asiyewapenda."

Ukumbi ulicheka, mwenyekiti akacheka mwisho, na saa ikafia pale pale. Tangu mwaka huo chama kikawa kinagawana wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mwanasheria anawafanyia mazoezi ya usaili kwenye chumba chake cha mafaili, daktari wa meno anawakalisha palepale kwenye kliniki yake, wengine wanawapokea ofisini baada ya kazi. Wewe ukasema utatoa Jumamosi zako, na kwa kuwa ofisi yenu Jumamosi inafungwa, ukatoa na sebule yetu.

Tangu hapo nyumba yetu Jumamosi haikuwa yetu. Meza ya chakula ilisogezwa dirishani, wewe nyuma yake na miwani imeshuka hadi ncha ya pua, na sisi tunatembea kwa vidole kwenda chooni. Wanafunzi walikupa jina, Bosi wa Jumamosi, na jina lilikukaa. Ulikuwa unawakatiza maneno. Ulikuwa unawatazama bila kusema kitu mpaka jasho linawatoka. Aliyeingia kinyonge ulimrudisha mlangoni aingie tena kama mtu anayeitaka kazi. Halafu usaili ukiisha unavua miwani, na hapo hapo Bosi anapotea, anabaki mama yetu anauliza, "Mwanangu, lakini umekula?" Kuna waliolia kwenye kile kiti, ila hakuna aliyetoka na njaa.

Na yule fundi wa friji je? Tulimwita sisi, wewe hukuwa na habari. Ukamwona mlangoni na shati lake limepigwa pasi, ukamvuta ndani, ukamkalisha, ukamuuliza kwa nini tukuajiri wewe na siyo mwingine. Maskini akajibu. Akasema yeye hachelewi, haibi, na akiharibu anarekebisha bila kudai zaidi. Ukamwambia jibu ni zuri ila anaongea kama anaomba msamaha, atoke aingie tena. Akatoka, akaingia tena. Alipokaa mara ya pili ndipo akauliza kwa adabu zote, "Samahani mama, friji lenyewe liko wapi?" Baba alicheka hadi akakaa chini. Fundi mpaka leo akija anabisha hodi kwa kujiamini ajabu, na bei yake imepanda.

Sasa tuje kwa kitinda mimba.

Unajua alivyokuwa, mama. Sisi wakubwa tulipitia chuo kingine, mambo ya Jumamosi hayakutuhusu. Yeye ndiye aliyekuwa nyumbani, anapitisha maji ya kunywa, anakusikia ukiwaita watoto wa watu "mwanangu". Ilikuwa inamchoma. Alikuwa anajua jina la kila mwanafunzi aliyepata kazi, kwa sababu wakipata walikuja kukushukuru, na wewe ulikuwa unawakumbatia hadi miguu inawaning'inia. Akaingia chuo chako, akasomea upimaji ardhi, na tunashuku sababu kubwa ilikuwa hiyo: awe na haki ya kukaa kwenye kile kiti.

Mkiwa mnamenya viazi alikuwa anakuuliza, na mimi lini? Unamjibu zamu yako itafika. Ipo Jumamosi moja alivaa gauni la dada yake na viatu vya kisigino, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba nzima, akaja kugonga mlango wa mbele na faili kwapani. Ulimfungulia. Ukamwangalia juu mpaka chini, ukashika mdomo, kisha ukamwambia, "Wewe bado," ukafunga mlango huku unacheka. Alinuna wiki nzima. Hakukuambia kwamba usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amekesha akijiandaa, na majibu yote alikuwa anayo.

Halafu ukaugua, na mwaka wake wa mwisho ulikuwa haujaanza.

Baada ya msiba baba alirudisha meza mahali pake. Chama cha wahitimu kilituma watu, wakauliza kwa upole kama sebule inaweza kuendelea kutumika, wataleta msaili mwingine. Baba aliwashukuru, akasema hapana. Kuna wanafunzi ambao taarifa haikuwafikia, wakawa wanakuja Jumamosi wamependeza, na baba anawaeleza langoni. Unajua baba kauguza watu miaka yote ya kazi yake, habari mbaya anajua kuzitoa. Lakini hii kila akiitoa alikuwa anarudi ndani anakaa na pazia limefungwa.

Kitinda mimba aliendelea na masomo. Alimaliza mitihani. Mwezi mmoja baadaye kampuni ya wapimaji ikamwita kwenye usaili, na hakumwambia mtu. Baba ndiye aliyegundua. Alipita koridoni akasikia sauti chumbani, akadhani anaongea na simu. Kumbe amesimama mbele ya kioo, anajiuliza maswali kwa sauti yako, anajijibu kwa sauti yake, na kila akifika swali la tatu anakwama.

Baba alirudi sebuleni. Kesho yake alituita tumsaidie kusogeza meza dirishani, na akampigia simu Twiga.

Twiga unamkumbuka, yule uliyempa jina hilo wewe mwenyewe kwa sababu ilibidi ainame mlangoni kwetu. Ulimrudisha kuingia mara nyingi kuliko wanafunzi wote. Sasa ni meneja, ana kitambi cha heshima, na ndiye anayepanga mazoezi ya usaili kwenye chama. Alikuja Jumamosi kabla ya chai. Akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa. Tulitaka kukasirika, lakini uso wake ulituzuia.

Alikuwa mkali, mama. Alimkatiza kitinda mimba sentensi ya kwanza. Akamnyamazia. Akamuuliza, "Kwa nini tukuchukue wewe?" na mtoto akaanza vizuri, akataja masomo yake, akataja mafunzo ya vitendo, halafu midomo ikawa inacheza bila sauti. Sisi tulikuwa tumebanana koridoni, tukaona mabega yake yameshuka. Twiga akasubiri. Alipoona jibu haliji akaruka mbele, akauliza kama ana swali lolote la kuwauliza waajiri.

"Ninalo," akasema. "Mama aliwasaili wote. Kwa nini mimi hakunitaka?"

Twiga alivua miwani. Alisema alikuwa anangoja aitwe, na asingeitwa angekuja mwenyewe, kwa sababu kazi hii ulishampa wewe. Ulimpa siku aliyokuja kukuambia ameajiriwa. Ulimshika mkono ukamwambia siku zamu ya mwanao wa mwisho ikifika, yeye ndiye atakayekaa hapa, na asimwonee huruma. Alipokushangaa, ukamwambia maneno ambayo alituomba tuyasikie wote, basi tukatoka koridoni tukasimama:

"Mimi nikikaa kwenye kiti hiki nitampa kazi kabla hajakaa, na mtoto hatajifunza kitu. Mimi nitakuwa jikoni. Mlango nitaurudishia kidogo tu, nisikie."

Kitinda mimba aliangalia jikoni. Baba alikuwa huko, amesimama na chupa ya chai mkononi, na tunadhani hata yeye alikuwa hajui habari hiyo, kwa jinsi alivyoiweka chupa chini taratibu. Kisha akaja mlangoni. Tulidhani anaingia kumbembeleza mtoto. Hakuingia. Aliushika mlango akaurudishia, kidogo tu, akabaki upande wa jikoni.

Twiga akavaa miwani yake.

"Turudi kwenye kazi," akasema. "Kwa nini tukuchukue wewe?"

Kitinda mimba wako alifuta uso kwa viganja viwili, akakaa sawa. Akaanza upya kutoka jina lake. Hakuharakisha, na safari hii alijua mikono aiweke wapi. Akasema anachokijua na asichokijua bado, akasema kwa nini anaipenda ardhi na mipaka yake. Alikuwa amemwelekea Twiga kama inavyotakiwa, lakini mama, alikuwa anaongea kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika kwenye sebule ndogo kama yetu, kwa sauti ya kufika jikoni.

Tunakulilia bado: mumeo, ambaye ameruhusu Jumamosi zirudi na sasa ndiye anayewauliza wanafunzi kama wamekula, kifungua mimba wako na mkewe, binti yako wa kati na wajukuu zako wawili, ambao wanataka kujua Bosi alikuwa nani, dada zako na kaka yako, wahitimu wenzako wa chama, vijana wote wa kile kiti, waliopata kazi na wanaoitafuta, na kitinda mimba wako, mpimaji ardhi, aliyeanza kazi mwezi uliopita.

Pumzika, mama. Kukusahau hatuwezi, wala hatujaribu.